Beseni la Tatu

Nianze kwa kusema wazi kwamba Euphrasia hakuwahi kunikosea kitu. Nalisema mapema kwa sababu najijua. Nikishaanza kusimulia nitamchafua kabla hata sijafika katikati.

Alikuja kwenye ushirika wetu mwanzoni mwa mwaka themanini na tatu, binti wa Kilimanjaro, ana cheti cha kidato cha nne na sketi iliyopigwa pasi mbele na nyuma. Mjomba wake alikuwa na duka la jumla mtaa wa pili. Mimi nilikuwa na mwaka wa saba pale. Ushirika ulikuwa na vyumba vitatu karibu na soko la Kariakoo, na kazi yetu ilikuwa kutengeneza redio ndogo za kupeleka vijijini. Transista zilitoka nje kwa kibali, na mwaka ule fedha za kigeni hazikuonekana, kwa hiyo zilizobaki zilikaa ndani ya kopo moja la maziwa ya unga mezani kwa Sitara, fundi wetu wa kulehemu. Sitara angeruhusiwa angelala na lile kopo.

Kazi yangu ilikuwa maji. Bodi ya redio ni kibao chembamba kilichovikwa shaba. Mafundi wanachora njia juu yake kwa rangi, wanakitumbukiza kwenye tindikali, shaba isiyofunikwa na rangi inalika na njia zinabaki. Kikitoka humo lazima kisuuzwe hasa. Tindikali ikibaki hata kidogo inaendelea kula taratibu, shaba inaota kijani, na redio inakufa na transista zake. Tulisuuza kwa maji ya kumimina, mapipa mawili kwa siku. Bomba letu siku hizo lilitoa maji likipenda. Lisipopenda, niliyafuata kwa kichwa, mpaka nikaanza kupata kipara utosini ambacho mpaka leo nakificha kwa kilemba.

Maji yaliyokwisha kazi tuliyamwaga mtaroni, yakateremka mpaka bonde la Jangwani ambako watu walilima mchicha. Siku moja wakulima wakaja na mafungu ya majani yaliyoungua, wakayapanga juu ya meza ya mwenyekiti wetu, wakaondoka. Mwenyekiti alikuwa Ndugu Mrisho, fundi redio wa zamani, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Aliyatazama yale majani kutwa nzima. Kesho yake akaitisha kikao: ama tupate njia ya kutumia maji machache bila kumwaga sumu, ama tufunge mlango.

Kikao kilifanyika mimi nikiwa kwenye foleni ya maji.

Nilirudi na ndoo kichwani nikakuta makofi. Euphrasia amesimama katikati ya chumba, ameinamisha uso kwa ile haya yake ya kanisani, na watu wazima na akili zao wanampigia makofi. Sitara akaja kunitua ndoo.

“Shoga, umekosa uhondo. Euphrasia katuokoa. Mabeseni matatu tu! Bodi inaanza la kwanza, inaenda la pili, inamalizia la tatu. La kwanza likichafuka unaliondoa, la pili linakuwa la kwanza, la tatu linakuwa la pili, maji mapya yanaingia la mwisho peke yake. Mapipa mawili yanakuwa ndoo tatu. Na lile chafu halimwagwi ovyo, unatia misumari mibovu humo, shaba yote inaganda kwenye chuma. Kichwa anacho yule.”

Mabeseni matatu. Nilikaa juu ya pipa.

Mimi ndiye niliyemfundisha. Iddi iliyopita alikuja kwangu, Mtaa wa Mafia, na kilo ya sukari ndani ya kitambaa, na sukari mwaka ule ilikuwa kama dhahabu. Baada ya pilau akakimbilia uani kuosha vyombo kama mtoto wa nyumbani. Nikamkuta anasuuza kila kitu ndani ya beseni moja. Nikamwambia, “Hapo unapaka shombo tu, mdogo wangu. Panga mabeseni matatu. Chombo kinatoka kwenye maji machafu kinakwenda kwenye masafi, maji yenyewe yanarudi nyuma.” Mama yangu alinifundisha hivyo, maana tulikulia nyumba ambayo maji yalinunuliwa. Euphrasia akacheka, akasema, “Kumbe.”

Ndiyo hiyo kumbe yake iliyokuja kupigiwa makofi. Lakini nikiwa mkweli, si huo wizi ulioniuma zaidi. Kilichoniuma ni kwamba nilibeba maji kwa kichwa miaka saba, na kila jioni nikarudi uani kwangu nikasuuza sahani kwa ndoo moja ndani ya mabeseni matatu, na siku zote hizo sikuona kwamba kazi ni ile ile. Yeye aliona kwa mara moja tu. Ile ya misumari ilikuwa yake kweli, aliisoma shuleni, na hata hiyo sikutaka kumpa.

Alinifuata kwenye chumba cha maji baada ya kikao.

“Dada Mwanamkuu, nina neno na wewe.”

“Neno lako limeshasikika mpaka sokoni. Niache, nina kazi.”

“Ni dogo tu, dada.”

Nikampa mgongo. Nilimsikia amesimama kidogo mlangoni, halafu akaondoka. Kosa langu la kwanza la siku ile ni hilo, na lingetosha.

Mabeseni yakapangwa saa ile ile. Euphrasia akapewa ayaonyeshe, akasuuza bodi chache, watu wakamzunguka kama anayekaanga maandazi. Beseni la kwanza likaanza kugeuka rangi ya chai ya maziwa. La tatu lilikuwa safi kiasi cha kuona maua yaliyochorwa chini. Saa saba wote wakatoka kwenda kula, nikabaki peke yangu na mabeseni yake.

Naomba nieleweke. Sikutaka redio zife. Sikufikiri hata kidogo habari za redio. Nilitaka tu ile kazi isitoke nzuri mikononi mwake. Nilichota makopo mawili kwenye beseni la kwanza nikamimina kwenye la tatu, nikakoroga kwa mkono. Maua ya chini yakaonekana vilevile. Ngozi ikaniwasha mpaka kwenye kiwiko, nikaifuta kwa khanga, nikaenda kununua mihogo ya kuchoma. Nilikula yote.

Mchana ule Euphrasia alisuuza bodi arobaini, akazipanga rafuni zikauke. Sitara angezilehemu asubuhi, na lile kopo la maziwa ya unga lingebaki tupu. Zilikuwa transista za mwisho mpaka kibali kingine kitoke, na kibali hakuna aliyejua kitatoka lini.

Saa kumi, kabla ya kufunga, Ndugu Mrisho akatuita tusikilize kumbukumbu za kikao. Alivaa miwani yake ya waya akasoma taratibu, maana alipenda kusoma.

“Baada ya kikao, Ndugu Euphrasia alimweleza mwenyekiti peke yake kwamba mtindo huu si wake. Ameusoma uani kwa Ndugu Mwanamkuu, ambaye ndiye mwenye ujuzi. Kwa hiyo mwenyekiti ameamua mtindo uitwe Mtindo wa Mwanamkuu, na Ndugu Mwanamkuu awe msimamizi wa chumba cha maji, na apate mtu wa kumbebea.”

Makofi tena. Sasa yalikuwa yangu, na sikujua niweke wapi mikono.

“Nilitaka kukuambia mapema, dada,” Euphrasia akaninong'oneza. “Hukunipa nafasi.”

Ungedhani wivu ungeisha hapo. Haukuisha. Nilimwangalia nikawaza: kwa hiyo na uungwana nao ni wake. Hajaniachia hata haki ya kumchukia. Huku nyuma yake zile bodi arobaini zilikuwa zinakauka na uchafu wangu, na sikuweza kusema, kwa sababu mwaka ule serikali ilikuwa inawasaka wahujumu uchumi nchi nzima. Neno mhujumu lilitosha kumtoa mtu nyumbani kwake akiwa na kandambili. Mtu aliyetia tindikali kwenye bodi za ushirika angeitwa jina gani lingine?

Nikaazimia nitawahi asubuhi nizisuuze upya kimyakimya. Nilifika kabla jua halijachomoza vizuri, na ndoo ya maji niliyochota kwangu. Mlango ulikuwa wazi. Euphrasia alikuwa ameshafika, yupo dirishani na bodi mkononi, anaigeuzageuza mwangani. Kwenye kingo za njia za shaba palikuwa na ukijani mwembamba, kama ule wa sarafu ya zamani. Akachukua nyingine, na nyingine. Nilitua ndoo yangu nikaanza kufagia mahali palipokwisha fagiliwa.

Walipofika wote, Sitara akiwa na kopo lake kifuani, Euphrasia akasimama mbele ya mwenyekiti.

“Ndugu Mwenyekiti, hizi zisilehemiwe. Hazikusuuzika. Mtindo hauna kosa, kosa ni langu. Nadhani nilichanganya mabeseni.”

Mzee mmoja wa upande wa kuchora alisema neno lile la mwaka ule, mhujumu, akalisema polepole, akimtazama Euphrasia. Binti akaikumbatia bodi aliyokuwa nayo mkononi. Alikuwa anajua hakuchanganya chochote, yule si mtu wa kuchanganya. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananifichia au alikuwa anajitilia shaka kweli.

Ndugu Mrisho akavua miwani.

“Neno hilo lisitumike humu ndani,” akamwambia yule mzee. Halafu akatugeukia. “Mnamwona huyu? Angeweza kunyamaza, Sitara akalehemu, na lawama ikakipata kiwanda kilichotuuzia shaba. Amesema mwenyewe. Mtu namna hii ndiye anayejenga nchi.”

Watu wakaguna kwa kukubali. Sitara akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Mikono ya watu ilianza kusogeleana, na nikaelewa kinachokuja. Wanakwenda kumpigia makofi. Kwa kosa langu. Bodi nimeharibu mimi, mkono uliowashwa usiku kucha ni wangu, hofu ni yangu, na makofi anayachukua yeye.

“Weka chini,” nikasema.

Wote wakanigeukia.

“Weka hiyo bodi chini, Euphrasia. Hujachanganya kitu. Ni mimi. Jana saa saba nilichota maji ya la kwanza nikatia la tatu. Kwa makusudi.”

Nikawaonyesha mkono, ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kiwiko. Ndugu Mrisho aliuliza kwa nini, nikamwambia nilikuwa na hasira, akauliza hasira ya nini, nikasema ya kijinga. Akarudisha miwani usoni, akafungua daftari la kumbukumbu, akakata mstari mmoja kwa rula. Usimamizi uliondoka na ule mstari. Jina langu nalo.

Akamuuliza Euphrasia, kwa kuwa ndiye aliyedhulumiwa, anataka nini kifanyike.

“Zisuuzwe upya,” akasema. “Na asuuze dada Mwanamkuu. Anayajua maji kuliko sisi wote.”

Nikasuuza bodi arobaini. Maji niliyafuata mwenyewe, safari nne, na kila beseni la kwanza lilipochafuka nilitia misumari nikangoja shaba iikamate, wekundu wake ukapanda kwenye chuma kidogo kidogo. Baadaye Ndugu Mrisho alizikagua moja moja. Tatu zilikuwa zimelika zaidi, zikatupwa. Thelathini na saba zikaenda kwa Sitara, na lile kopo lilikwisha kwa kazi ya halali. Wale watu wa Jangwani hawakurudi tena na majani.

Jioni Euphrasia alinikuta nakamua khanga.

“Ungeniacha tu niibebe, dada,” akasema. “Mimi wangenisamehe, bado mgeni. Kwa nini ulisema?”

Nikamwambia dhamiri ilinisuta. Akanishika mkono ule mzima kwa mikono yake miwili, akasema alijua tu mimi ni mtu mwema, na kesho yake akawahadithia wote, na mpaka leo watu wa ushirika ule wakikutana na mimi Kariakoo wananitaja kwa ile dhamiri yangu. Ukweli hajawahi kuujua. Niliona mikono inataka kupigwa makofi, na sikuweza kuvumilia apate na hayo.

Juu ya mabeseni alibandika karatasi, Mtindo wa Mabeseni Matatu, kwa herufi zilizosimama wima. Nilifanya kazi chini yake miaka sita. Mwandiko wake ulikuwa mzuri sana.