Mbao za Mlango wa Stoo

Miaka sita nimemuoa binti yake, na kila mlango wa nyumba ya mama mkwe umetengenezwa na seremala mwingine. Mimi ni seremala. Hebu fikiria hapo.

Wiki iliyopita akalegeza kamba: niuzungushie mbao mlango wa stoo, ule ulioingia ndani ya ukuta kiasi cha kiganja, kisha mke wangu apige plasta. Ndiyo, mke wangu ni fundi plasta, na mdomo wake ni mkali kuliko mwiko wake.

Nilijua nikiharibu hapa, sitapewa tena hata kitasa cha kukaza. Basi nikajipinda. Nikakata pembe zikakutana hata wembe haupiti, nikazigongomea mbao ukingoni, nikarudi nyuma kujipongeza.

Mke wangu akaingia na karai la mchanganyiko, akatazama, akalitua chini.

"Mume wangu, plasta yangu itakaa wapi?"

Nikatazama tena. Mbao nilizilaza sawa na matofali, wakati zilitakiwa zitokeze sentimita moja na nusu, unene wa plasta yenyewe, ili yeye apitishe rula juu yake kuisawazisha. Kwa kiherehere cha kupendeza ukweni, nilisahau kwamba ukuta bado uko uchi.

"Nitaipaka nyembamba," akanong'ona. "Mama hatajua."

Mama mkwe naye huyo akatokea, mikono nyuma. Nikaona heri niaibike mapema.

"Mama, nimekosea. Nazing'oa, nizisogeze mbele. Naomba nusu saa."

Akainama, akapitisha kidole ukingoni. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi.

"Yule aliyefanya mlango wa jikoni alikosea hivi hivi," akasema. "Akafunika. Plasta inabanduka mpaka leo."

"Fanya haraka basi," mke wangu akadakia. "Huu mchanganyiko hausubiri maungamo."

Nikashika nyundo. Mama alishafika kwenye korido, akarudi.

"Ukimaliza hapo, mlango wa chumbani kwangu unakwaruza chini. Uje uutazame."

Chumbani kwa mama mkwe! Tangu nioe, mwisho wangu katika nyumba ile ulikuwa kochi la sebuleni, lile la karibu na mlango. Nikaitikia, "Sawa, Mama," kisha nikageukia ukuta nikijifanya natafuta patasi, maana mke wangu angeyaona machozi angenicheka mpaka uzeeni.