Siku Aliyozima Jenereta

Kwao, neno la kaka mkubwa halikuwa na rufaa. Wenzake kazini walimwita Chuma, na hata mama yao alishalizoea jina hilo. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mabega mapana kama mlango, mtu asiyejua kitanda cha hospitali kinafananaje. Kampuni ilipopata kazi ya kusimamisha mnara wa simu karibu na kilele cha mlima, yeye ndiye aliyepewa usimamizi. Mdogo wake wa kike, fundi umeme, alipoomba kwenda, Chuma alimwambia mbele ya watu kwamba kule si mahali pa vifua vyembamba. Dada akaenda hivyo hivyo.

Katika kambi ya chini, muuguzi aliwasihi mafundi walale hapo kwanza, miili izoee hewa nyepesi, wanywe maji na wasiwe na papara. Dada mtu alitii. Kichwa kilimgonga kana kwamba kuna mtu anapiga misumari ndani yake, chakula kikamkinaisha, na usingizi ukawa wa kushtuka akitafuta pumzi. Kisha mwili ukatulia, akapanda na wenzake hadi kambi ya juu. Chuma yeye alicheleweshwa na shughuli za mjini, akaja baadaye kwa gari moja kwa moja: asubuhi bondeni, alasiri juu ya mawingu. Muuguzi alipojaribu kumzuia njiani, alicheka, akasema mlima ni mawe tu, na mawe ameyabeba tangu utotoni.

Alianza kazi kwa kishindo. Kesho yake asubuhi dada yake alimwona akihangaika na glavu. Aliivaa ya kulia mkono wa kushoto, akaivua, akaivaa vilevile tena, huku akitabasamu. Mafundi walidhani ni mzaha, wakacheka naye. Alipoelekea mnarani aliyumba kama mlevi, na hakuna aliyewahi kumwona Chuma akigusa pombe. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Alipokohoa, kifua kilitoa sauti ya sufuria inayochemka.

Dada alimfuata, akamwambia kwa upole kwamba anaumwa, washuke. Chuma akajibu kuwa yuko mzima kuliko yeye. Dada akamwomba basi atembee kuifuata kamba iliyolazwa chini. Alijaribu, akapepesuka, akaitukana kamba. Hapo dada akaelewa kwamba tatizo si kifua peke yake. Mlima ulikuwa umemnyang'anya kaka yake akili, ukamwachia ubishi wote.

Akaingia kwenye kontena la ofisi, akampigia meneja redio. Meneja, aliyekuwa bondeni kwenye hewa tele, alisema mawingu yanakuja, uchomeleaji umalizike leo, na gari lisishuke bila idhini yake. Anayeumwa kichwa ameze vidonge. Atakayeshuka ajue hana kazi.

Alipotoka, Chuma alikuwa ameshavaa mkanda wa kupandia na ameshika ngazi. Mafundi walitazamana, nani amwambie Chuma ashuke? Dada alikwenda moja kwa moja kwenye jenereta, akaizima, akachomoa ufunguo na kuutia kifuani ndani ya koti.

"Washa," Chuma alisema.

"Siwashi."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Na mkuu asiyesikia, kaka? Yeye huvunjika nini?"

Chuma akainua mkono. Dada hakurudi nyuma. Mkono ulibaki juu, kama umesahau ulikuwa unakwenda wapi. Chuma akakaa kwenye changarawe na kuuliza mama yuko wapi.

"Lete gari," dada alimwambia dereva. "Meneja akikuuliza, sema nilikushikia nyundo."

Dereva alikuwa ameshaanza kukimbia.

Katika kambi ya chini, muuguzi alimwekea Chuma oksijeni, akawaamuru wasikae hapo, waendelee kushuka. Bonde lilipokaribia, mgonjwa alianza kujibu kwa maana, na jibu lake la kwanza lilikuwa kulalamika kwamba gari linakimbizwa vibaya. Dada alicheka, machozi yakimtoka. Hospitalini, daktari alisema mapafu yalikuwa yameingia maji na ubongo umevimba. Angelala huko juu tena, angeteremshwa akiwa maiti.

Meneja alimwita fundi umeme ofisini, akamtaka aombe radhi mbele ya wafanyakazi wote. Alikataa. Alisema angeizima jenereta tena, na tena, hata mnara ungekuwa wa dhahabu. Akasimamishwa kazi. Lakini mafundi nao wakagoma: hakuna atakayepanda bila kulala kambi ya chini, na hakuna atakayepanda bila yule aliyeizima. Meneja alinuna siku kadhaa, kisha akamtuma dereva kumfuata.

Kitandani hospitalini, Chuma hakukumbuka glavu wala kamba. Alichosimuliwa ni kwamba mdogo wake alimzimia mashine hadharani, na hicho ndicho alichokishika.

"Umenivunjia heshima mbele ya watu wangu," alisema, uso ukiwa umeelekea ukutani.

"Nimekuvunjia. Kasirika tu, kaka. Maiti haikasiriki."

Dada akamwekea mto vizuri mgongoni. Chuma akauchomoa, akauweka mwenyewe alivyotaka, na dada akavuta kiti akakaa.