Mshono wa Nabwile

Nabwile alilichoma gunia la tatu kwa bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchotea nafaka, akalitoa limejaa mahindi yenye ukungu wa kijani. Juu punje zilikuwa nyeupe za kupendeza. Uozo ulikuwa umefichwa katikati, na Wekoye, mwenye ghala hilo la pale mjini Kwanza, alijua fika ameuficha.

Ukungu huo una sumu, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Nabwile alikuwa amemzika mtoto wa dada yake, ini limeharibika kwa mahindi ya aina hiyo, na tangu siku hiyo hakuwa na mchezo na mtu. Kiwanda cha unga cha Bungoma kilimwajiri kwa ukali huohuo. Gunia alilolikubali alilishona mdomo yeye mwenyewe, kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na uzi wa manjano. Lisilo na mshono wake halikupita getini kwa Gagandeep, meneja, ambaye hukagua kila mshono kwa kidole na kumtania Nabwile kwa kuwa mashoto, mtu wa mkono wa kushoto.

Nabwile akasema hayo mahindi hayaendi popote. Wekoye akambembeleza, akamkumbusha kuwa wanasali kanisa moja, kisha akaona maneno hayasaidii, akawapa ishara wapagazi wake wawili, Kevin na Ian. Mlango wa bati ukafungwa.

Kevin alimpiga ngumi ya mdomo na jino likatoka. Ian akambana chini kwa goti. Wekoye akauvuta mkono wake wa kulia, akauweka juu ya jiwe la mizani, akaukanyaga kwa buti mara mbili. Mfupa ulilia. Nabwile alipiga yowe, lakini hakumwambia Wekoye kwamba mkono wa kazi ni ule mwingine.

"Leo tunakushonea," Wekoye akasema. "Wewe pumzika tu, dada."

Wakatoa uzi na shazia katika mkoba wake, wakashona magunia arobaini, na lori likaondoka; wao watatu wakabaki kumlinda. Nabwile akaachwa sakafuni, akimeza damu na kuwawazia watoto wa shule ambao wangeula ule unga kabla ya wiki kuisha. Aliogopa kufa, asidanganye mtu. Ila hilo la watoto lilimuuma kuliko mkono.

Saa nane mchana simu yake ikalia. Wekoye akafungua spika na kumwekea panga shingoni, akamnong'oneza kwamba akikosea neno moja hatoki hapo.

"Nabwile, lori limefika," Gagandeep akasema. "Lakini hii mishono imelala upande ingine. Ni wewe umeshona?"

Panga lilikuwa baridi. Nabwile akavuta pumzi.

"Ni mimi, bosi. Nimeshona na mkono wangu wa kulia, kama siku zote."

"Sawa basi," Gagandeep akasema. "Wacha nifungue geti."

Wekoye alicheka hadi akajifuta machozi. Akamtuma Kevin chai na mandazi, ati wasubiri dereva arudi. Chai haikuwa imepoa polisi walipouvunja mlango. Ian akalala chini mwenyewe. Wekoye alimtazama Nabwile akinyoosha mkono wa kushoto ili ainuke, na hapo ndipo akaelewa kuwa huo ndio mkono wa mshono. Akalishusha panga juu ya mkono huo. Vidole vitatu vilibaki sakafuni kati ya punje za mahindi, kabla ya polisi kumlaza kwa kitako cha bunduki.

Miezi mitano baadaye, Nabwile alifika Bungoma akiwa kando ya dereva, mkono wa kulia umeunga vibaya, wa kushoto umebaki kidole gumba na kimoja. Gagandeep alipitisha kidole chake kwenye mshono wa gunia la kwanza. Ulikuwa umepinda, umelala upande ule mwingine, wa mkono wa kulia, na hapa na pale uzi wa manjano ulikuwa na madoa ya damu pale shazia ilipomchoma.

Aliurudia kwa kidole mara ya pili, akashindwa kumtania. Akalifungua geti mwenyewe.