Umemsamehe, Hujamjibu

Mwalimu wa jioni alinirudishia insha ikiwa imejaa wino mwekundu kama shuka la chumba cha upasuaji. Mashuka hayo nayajua. Mwaka wa kumi na tisa huu nayafua hospitalini.

“Mama,” akasema kwa upole, maana ni mdogo kuliko kitinda mimba wangu, “mpinzani wako umemsamehe mara nne, umemwombea mara mbili. Hujamjibu hata mara moja.”

Mimi nilidhani hapo ndipo nilipopatia. Niliandika: “Wapo wasemao, Mungu awahurumie, kwamba mashuka ya wodi zote yafuliwe kwanza, yatenganishwe baadaye.” Kisha nikawaombea nuru, nikaweka nukta. Baada ya nuru mtu huongeza nini?

“Eleza hoja yake mpaka mwenyewe akiisikia akubali kuwa ni yake. Ndipo umjibu. Uilete kesho. Ukifeli tena, jina lako haliendi kwenye mtihani.”

Miaka hamsini na miwili, mihula mitatu ya kusinzia darasani, yote iende na maji! Nikapiga magoti, nikamwomba Mungu anioneshe huyo mpinzani. Hakupata taabu. Alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu, anayefulia kwenye mashine ya pili, hatua tano kutoka yangu.

Kesho yake, wakati wa chai, nikamsomea: “Wapo wasiotaka kutenganisha kwanza, kwa kuwa mwili ni mzito...”

“Mwili wa nani mzito?”

“Ni insha tu, wifi.”

“Insha imenitukana. Futa.”

Nikafuta. “Kwa kuwa hawajali usafi...”

“Wifi, leo umetumwa?”

Ndipo nikafanya jambo ambalo kwa miaka kumi na tisa halikunijia. Nikauliza.

“Haya, kwa nini hutaki?”

Akanionesha kidole chenye kovu dogo. “Kutenganisha kwanza ni kupekua uchafu kwa mikono. Nilichomwa na sindano iliyosahauliwa ndani ya shuka. Miezi mitatu nikisubiri majibu ya damu, usingizi sina. Yakifuliwa kwanza, angalau yanatoka yamechemka.”

Kidole kile nilikiombea. Nilifunga kula siku tatu nzima kwa ajili yake, na nikajisifu kidogo. Kilichomwaje, sikuuliza.

Nikaandika maneno yake kama yalivyo, nikamsomea.

“Ee, hayo ndiyo ninayosema. Sasa nijibu.”

Hoja yangu ilikuwa bado hai, kwamba uchafu wa vidonda usikutane na mashuka ya watoto. Ila sasa ilisimama kwa mguu mmoja.

“Yatenganishwe kule kule wodini yanapotanduliwa,” nikasema polepole. “Kila wodi na mfuko wake. Yakifika huku, yanaingia mashineni bila kupekuliwa.”

“Na wakiyatandua, watazame sindano.”

“Naongeza.”

“Na ule uzito wa mwili?”

“Nimeufuta.”

“Andika kwamba uliuandika, ukaufuta.”

Nikaandika.

Jioni mwalimu aliisoma akiwa amesimama. Mimi nimeshika kingo za dawati, midomo inaomba chini chini. Alipofika kwenye uzito wa mwili akacheka peke yake. Kisha akavuta orodha ya watahiniwa, akaandika jina langu.

“Amina!” nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Darasa zima likageuka.

“Hiyo moja,” akasema mwalimu, “nakuachia.”