Folda Iliyoandikwa WOTE

Printa ilikuwa moja tu, na ilikaa chumbani kwa Mzee Loth, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa alichofuma mkewe. Aliyetaka kuchapisha kitu alibeba disketi, akagonga mlango, akangoja aitwe. Mzee Loth aliifungua disketi na kusoma barua yote, hata kama ilikuwa ya kuomba ruhusa ya kwenda mazikoni. Kisha aliamua. Nyingine alizichapisha palepale. Nyingine alisema wino umekwisha.

Ulikuwa mwaka 2000, pale Same, katika ofisi za kampuni ya jasi ambayo zamani ilikuwa mali ya umma na sasa ilikuwa na mwenyewe. Machimbo yalikuwa Makanya, na malori ya kampuni yalirudi mjini meupe kwa vumbi. Mwekezaji alimleta meneja kutoka Dar es Salaam, mtu wa makamo aitwaye Raymond, aliyekuja na kompyuta tano mpya za Windows na maneno machache. Mzee Loth, ofisa utawala kwa miaka kumi na tisa, aliachwa kwenye kiti chake kwa sababu ndiye aliyejua kila jalada liko wapi.

Rogathe, karani wa takwimu, alikuwa na kisa chake na mzee huyo. Wote wawili walikuwa wenyeji wa Vudee, huko mlimani, lakini hilo halikusaidia kitu. Miaka mitatu nyuma Rogathe aliandika barua ya kuomba kwenda kusoma kompyuta Moshi. Mzee Loth aliikalia mpaka masomo yakaanza, kisha akamrudishia na kumwambia kwamba mwanamke aliyeolewa hana haja ya kuhangaika mabwenini. Mwaka uliofuata Rogathe alitumia likizo yake mwenyewe, akaenda, akarudi na cheti. Tangu hapo walisalimiana kwa sababu ya watu tu.

Raymond alipotaka kompyuta zote zitumie printa moja na kuweka kazi mahali pamoja, fundi wa kampuni iliyomuuzia alimwambia anunue mashine kubwa ya sita na leseni kwa kila mtumiaji. Raymond alikunja uso. Rogathe, aliyekuwa ameketi mwisho wa meza, akasema kwamba ile kompyuta ya zamani iliyotupwa stoo ingetosha.

"Itatosha vipi?" Raymond aliuliza.

"Nina diski ya Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, niliyopewa na mwalimu wangu Moshi. Ndani yake kuna programu inaitwa Samba. Inaifanya mashine ya Linux iongee na hizi za Windows kwa lugha yao, zinaiona kama mwenzao. Faili zitakaa humo, na printa itachomekwa humo. Ni programu huria. Mtu anaitumia, anainakili, anampa mwingine, hakuna wa kumwomba ruhusa."

"Samba," alisema Mzee Loth. "Yaani Wapare tumeshindwa, tunakwenda kuwaomba Wasambaa waje kutuchapishia barua."

Watu walicheka. Raymond hakucheka. Alimpa Rogathe wiki mbili.

Alifanya kazi hiyo Jumamosi mbili mfululizo, peke yake, akifuta vumbi la jasi ndani ya mashine kwa brashi ya rangi. Mipangilio yote ya Samba ilikuwa katika faili moja la maandishi ya kawaida, mstari kwa mstari: folda hii ni ya nani, nani aingie, nani asiingie. Alikosea mara nyingi. Jumamosi ya pili, saa tisa alasiri, aliketi kwenye kompyuta ya mpiga chapa, akaandika jina lake, akabonyeza, na printa ikaguruma upande wa pili wa ukuta. Aliisikiliza ikivuta karatasi. Furaha aliyoisikia haikuwa ya kuwasaidia wenzake, na mwenyewe alijua.

Jumatatu aliihamishia printa kwenye ukumbi, kando ya mtungi wa maji.

"Binti, umenitolea kitu chumbani kwangu," Mzee Loth alimwambia.

"Ni cha ofisi, mzee."

"Hata kiti ninachokalia ni cha ofisi. Utakuja kukichukua lini?"

Rogathe aliinama akachomeka waya wa printa. Siku hiyo Mwanamkasi, mpiga chapa, alichapisha barua ya kuomba kwenda hospitali aliyokuwa akiambiwa wino umekwisha kwa wiki tatu. Mwanamkasi alikuwa mtu wa Handeni, aliyeletwa akiwa mtoto na wazazi wake walipokuja kukata mkonge. Kifua kilikuwa kinambana. Alimshika Rogathe mkono, akamwita mdogo wangu.

Kila mtu alipewa folda yake na neno la siri. Folda moja iliandikwa WOTE, na hiyo iliachwa wazi kwa yeyote. Lakini mwenye mashine, yaani Rogathe, aliweza kufungua folda yoyote. Hakumwambia mtu jambo hilo, na hakuna aliyeuliza.

Alianza kusoma folda ya Mzee Loth wiki ya kwanza. Alijiambia anakagua kama nakala zimekaa sawa. Kwa kweli alitaka kuona kama kuna kitu kimeandikwa juu yake. Alikuta ratiba za likizo, barua za bima, na hotuba ya harusi ya mtoto wa mtu. Kisha, Alhamisi moja asubuhi, akakuta faili jipya lililoitwa PUNGUZO.

Lilikuwa na majina arobaini na mawili. Mbele ya kila jina palikuwa na sababu fupi kwa maneno ya Mzee Loth ambayo Rogathe angeyatambua popote: mlevi, mzee, ana mdomo. Namba kumi na saba alikuwa Mwanamkasi: mgonjwa mara kwa mara. Chini iliandikwa kwamba barua za kuachishwa zitolewe mwisho wa mwezi, siku hiyohiyo ya kuondoka. Rogathe aliipitia orodha mara mbili akitafuta jina lake. Halikuwemo. Akalifunga faili.

Mchana alikula na Mwanamkasi, wali na maharage, kama kawaida yao. Mwanamkasi alimweleza kwamba amepata fundi wa kumwongezea chumba, na matofali yameshateremshwa. Rogathe alisema ni vizuri. Ijumaa alisema hivyo tena. Jumapili kanisani aliimba nyimbo zote.

Jumatatu alilifungua faili tena. Sasa majina yalikuwa arobaini na matatu. La mwisho lilikuwa lake, na sababu: anaingilia yasiyomhusu.

Alilinakili likaingia WOTE. Haikuchukua hata dakika moja. Kisha akaenda kujimiminia chai.

Mwanamkasi alilikuta saa tisa. Rogathe, chumbani kwake, alisikia printa ikianza kuvuta karatasi na isisimame. Hakuna aliyepiga kelele. Dereva wa lori la mwisho alibeba nakala thelathini chini ya kiti, na asubuhi yake Makanya hakuna lori lililotoka.

Raymond aliwaita Mzee Loth na Rogathe. Hakuwakaribisha kukaa.

"Faili ni lako," alimwambia Mzee Loth. "Nilikukabidhi wewe peke yako."

"Niliweka kwenye folda yangu."

"Limekutwa kwenye folda ya watu wote."

"Basi muulize huyu. Mashine ni yake. Mimi sijui hata kulipeleka huko."

"Ndiyo maana yake. Hujui, ukakosea folda," Raymond alisema. Akamgeukia Rogathe. "Hiyo mashine inaweka kumbukumbu ya nani amefungua nini?"

Kumbukumbu ilikuwepo. Ingeonyesha kompyuta ya Mwanamkasi, saa tisa na dakika nne, na kurasa zote alizochapisha. Na kwenye mashine yenyewe palikuwa na amri ya kunakili aliyoiandika Rogathe kwa vidole vyake.

"Inaweka kwa siku moja tu," alisema. "Imeshafutika."

Alikuwa ameifuta asubuhi hiyo. Mzee Loth alimtazama kwa muda mrefu, na Rogathe akamtazama vilevile, hakuinamisha macho. Kabla ya saa sita mzee alikuwa amekunja kile kitambaa cha mkewe, akakiweka kwenye mfuko wa rambo, akatoka bila kumuaga mtu.

Malori yalisimama siku mbili. Ofisa kazi alikuja, wakakaa Makanya chini ya turubai, na orodha haikufutwa. Ila watu walipewa notisi ya miezi mitatu na usafiri wa kuwarudisha na mizigo yao walikotoka, vitu ambavyo havikuwa kwenye mpango wa mwanzo. Jina la Rogathe liliondolewa kimyakimya. Fundi wa nje alikuwa ametaja gharama yake ya kuja kuitunza mashine ile, na Raymond alikuwa ameisikia.

Mwanamkasi hakushukuru. Alikuja na karatasi mbili mkononi, akaziweka mezani kwa Rogathe.

"Hii niliichapisha mimi Jumatatu. Angalia hapa chini. Imeandikwa rasimu ya pili. Ya kwanza ilikuwa lini?"

"Alhamisi."

"Na Alhamisi ulikuwa umeiona."

Rogathe aliivuta ile karatasi ya pili.

"Niliiona hata hiyo ya kwanza. Mzee aliisahau kwenye droo, dereva akaniletea. Jina lako halimo." Mwanamkasi alikohoa, akangoja kifua kitulie. "Ulikula na mimi. Ukanisikiliza na matofali yangu."

"Dada, nilikuwa sijui nifanye nini."

"Ulijua. Jumatatu ulijua vizuri sana." Akazichukua karatasi zake. "Usinifuate nje."

Hakumfuata. Wiki ya pili yake Raymond alimwita Rogathe, na safari hii alimwonyesha kiti. Alisema anataka kila barua inayochapishwa na wafanyakazi nakala yake ibaki kwenye mashine, mahali ambapo yeye ataifungua kila jioni. Bila wao kusumbuliwa kujua.

"Hiyo programu yako inaweza?"

"Inaweza. Mistari miwili tu."

"Basi iandike."

Rogathe alitazama mikono yake. Alijua mistari yenyewe, angeweza kuiandika kwa kichwa. Alijua pia kwamba akirudi kesho aseme imegoma, meneja huyu ataamini, na kazi itaendelea.

"Sitaiandika," alisema. "Na lile faili, Mzee Loth hakuliweka WOTE. Nililiweka mimi. Nilikuwa nasoma folda yake tangu mwanzo."

Raymond hakuonyesha kushangaa. Aliuliza kama kuna mtu mwingine anayejua kuiendesha mashine. Rogathe akasema hakuna, lakini kila kitu kimeandikwa kwenye daftari la kijani, na anayejua kusoma atajua. Raymond akamwambia aache funguo mapokezi.

Jioni hiyo alikwenda nyumbani kwa Mzee Loth, mtaa wa Kisima. Alimkuta uani amechuchumaa, anafunga waya kwenye banda la kuku. Alimwamkia. Mzee aliitikia bila kuinua kichwa, akaendelea kuzungusha koleo. Rogathe alisimama palepale na kumweleza yote, hata lile la Alhamisi na Jumatatu, na kwamba sasa meneja anajua.

"Amenirudisha kazini?" mzee aliuliza.

"Hapana."

"Wewe amekubakiza?"

"Hapana."

"Basi umekuja kunipa nini?"

Rogathe alisema amekuja kusema ukweli tu. Mzee Loth alisimama taratibu, akajipangusa magoti.

"Mimi nilisoma barua zao miaka kumi na tisa," alisema. "Sikuwaficha. Mtu alikaa mbele yangu, akaniona nasoma, akanichukia, akaondoka. Wewe ulisoma zangu nikiwa nimekaa chumba cha pili, unanisalimia asubuhi."

"Ulinizibia njia, mzee. Barua yangu ya Moshi."

"Niliizibia. Ningeizibia tena." Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja umri wake. "Lakini ulikuwa unajua ni mimi."

"Na Mwanamkasi? Wiki tatu ulimwambia wino umekwisha, anakohoa hivi."

Mzee aliliweka koleo chini. Akalitazama banda. Mkewe alitokeza mlangoni, akaona nyuso zao, akarudi ndani.

"Sitaki uje tena hapa," Mzee Loth alisema mwishowe. "Na Vudee tukikutana msibani, kaa upande wako."

"Nitakaa."

Alitoka uani. Hakwenda kwake. Alishuka mpaka barabara kuu, akakata shauri kwamba asubuhi ataondoka na gari la kwanza la Makanya akaseme na huko, kwa sababu huko nako kulikuwa na watu arobaini na mmoja waliohisi kwamba ni yeye aliyelitoa lile faili na kumsifu, na hakuna aliyewaambia kwamba alikaa nalo kimya siku nne. Hakutegemea wamkaribishe. Aliuliza nauli, akaambiwa, akanunua tiketi ya kwenda tu.