Juu ya Mstari wa Chaki

...na mwanga wa taa za gari bado uko juu ya mstari wa chaki, juu kwa kiganja kizima, mstari aliouchora mwenyewe ukutani kwa kupima na kupima tena, na yeye amechuchumaa hapa chini ya dirisha la jiko kana kwamba ukuta ndio utakaomjibia dada yake, maana dada yake amekaa kiti cha nyuma cha gari, mlango wazi, anauliza, "Zimeshuka?", na yeye anasema, "Ngoja kidogo", angoje nini, hakuna cha kungoja, alishaona, aliona kabla dada hajakaa, gari tupu, taa juu vilevile, na fundi alishamwambia kwenye simu, sauti imejaa ua mzima kwa sababu mikono ilikuwa na grisi na simu aliiweka spika, "Anza na gari tupu, bosi, taa zikiwa juu hata bila mtu, basi kile kijiti cha sensa huko nyuma, kinachoziambia taa gari limelala kiasi gani, kimechomoka, zikiwa sawa ndiyo uweke mtu mzito uone kama zitajishusha zenyewe... si unaye yule dada yako?", na fundi akacheka, na huo utani fundi aliupata wapi kama si kwake yeye mwenyewe, na jikoni mwiko ukanyamaza, dada akatoka akifuta mikono, "Mzito mwenyewe huyu hapa, nikae wapi?", na yeye, mwanaume mzima na ndevu zake, badala ya kusema taa zimeshajibu, akamfungulia mlango. Akamfungulia mlango! Aibu gani hii, na bado anashika chaki kama mwalimu... siku ile ya harusi ya binamu, magari ya mbele yakiwamulika na kuwapigia honi, dereva mmoja akitoa kichwa kutukana, naye, gari limejaa shangazi na mabinti zake, akaona raha kusema, "Si kosa langu, dada kakaa nyuma, taa zinatafuta mwezi", wakaangua kicheko, na dada naye alicheka, alicheka kuliko wote, ndiyo maana akajiambia hakuna ubaya, dada kacheka, lakini tangu siku ile dada hajapanda gari hili, leo miguu inataka mazoezi, kesho kuna mtu atampitia, juzi kaingia kaloa chapachapa kutoka kazini, eti mvua ni baraka... heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na yeye alijikwaa vyote viwili, maana jioni ileile, kabla dada hajatia hata mguu ndani, alipanda ukingo wa barabara kwa mbwembwe mbele ya ukumbi ili watu waone dereva, na kitu huko nyuma ya gari kikalia ka!, alisikia, alisikia vizuri sana, akaongeza muziki... "Wewe, umelala?" "Bado naangalia, dada"... na yeye alipovunjika mguu, darasa la nne, nani alimbeba mgongoni kwenda zahanati na kurudi, muhula mzima, naye anauliza, dada, mimi mzito?, na dada anahema, jasho linamtiririka shingoni pale pale alipoweka shavu lake, anasema, "Mzito wapi, wewe karatasi tu"... "Haya, zimeshuka, au nishuke mimi," dada anasema, "nisije nikakuvunjia springi", na anacheka, kicheko kilekile cha harusini, na sasa ndiyo anakisikia, kinavyoanza kwa nguvu na kukatika katikati, kicheko cha mtu anayewahi kujicheka kabla hajachekwa, na chaki imevunjika mkononi, hata hajui saa ngapi, "Usishuke, dada," anasema, akiuangalia ukuta, halafu anajilazimisha kugeuka, taa zinamchoma macho, hamwoni, "zilikuwa juu kabla hujakaa... niliona, nikanyamaza", na mwanga uko palepale, juu ya mstari, na mara hii dada hacheki.