Mikono ya Mwosha

Kisiwa kizima cha Chula kiliijua mikono ya Mwanabibi. Mwanamke akifa, yeye ndiye aliyemwosha, na akimaliza alijisugua kwa sabuni mpaka viwikoni, akarudia tena, huku akiwafokea wenye haraka: "Maiti si mchezo, nyie!" Kwa usafi hakuwa na mpinzani, na lo, alilijua hilo kupita kiasi.

Sasa bintiye Barke alikuwa hospitalini Kismayu, chumba cha mahututi, akipumua kwa mashine baada ya kupasuliwa kwa uzazi. Asubuhi hiyo daktari alisema akiendelea kupata nafuu hivi, kesho watamtoa mpira wa kupumulia kooni. Mwanabibi nusura apige vigelegele.

Mlangoni muuguzi Fardowsa alimzuia. "Mama, mikono kwanza." Akamwonyesha chupa ya dawa ya kupaka.

"Hiyo ina pombe. Mimi nina udhu."

"Basi bomba hilo hapo, na sabuni."

"Ee!" Kibajuni kikamtoka. "Mchu katoka kutawadha sasa hivi, wamwita mchafu?"

"Udhu ni wa sala, mama. Mimi pia ninao, na bado naosha kila kitanda."

"Nimeanza kuosha watu wewe hujazaliwa!" Akampita. Fardowsa alinyoosha mkono amshike, akaurudisha. Nani amvute mwanamke rika la mama yake mbele za watu? Akamfuata kwa maneno tu, nayo yakaingia sikio hili yakatokea lile.

Kwao Mwanabibi, humwombei mgonjwa wako ukamruka jirani. Akaanzia kwa Fuadi, kijana aliyeunguzwa na injini ya mashua, bendeji zinavuja usaha. Maskini, hakuwa na mama pale. Akamwekea kiganja kifuani juu ya bendeji, akamwombea shifaa kwa moyo wake wote. Kisha akaenda kwa Barke. Akampangusa midomo, akaunyoosha ule mpira, akapapasa kidonda cha tumboni.

"Kesho utaniita, mwanangu."

Kesho yake ikaja homa. Mpira haukutolewa. Kidonda kikatunga usaha, kifua kikajaa, na daktari akamwambia vipimo vimeonyesha vijidudu vilevile vya Fuadi. Barke akafa hajamwita mtu. Fuadi yeye alipona, akawa anauliza yuko wapi yule mama aliyemwombea, amshukuru.

Mwanabibi hakukubali mwingine amguse mwanawe. Alimwosha mwenyewe, akamvika sanda, machozi yakimdondoka. Chumba cha maiti hakikuwa na sabuni, kwa hiyo akapanda kwa Fardowsa kuomba, akaonyeshwa bomba lile lile la mlangoni. Akajisugua mpaka viwikoni kama alivyozoea, akarudia tena. Hapo mikono ikamganda ndani ya povu.

"Mbona hukunivuta?" akauliza. "Siku ile, mbona hukunivuta?"

Fardowsa akafunga maji.

"Nilikustahi, mama."